Sufuria Ambazo Japheth Hangeweza Kuzikunja

Kikaango kilikuwa kizito hivi kwamba Japheth alikishika kwa mikono miwili.

Scovia alikiona kikipanda juu ya kichwa chake. Cheusi, kipya, hata karatasi ya dukani haijabanduka vizuri pale chini. Akainua mkono wa kushoto kujikinga.

Alisikia mfupa ukivunjika kabla hajausikia uchungu.

Na mlangoni alikuwa amesimama shemeji yake, Reuben, mdogo wake Japheth. Anatazama tu. Macho wazi, mikono inaning'inia…

Ndugu zangu, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo. Kwa sababu kikaango hicho Scovia alikinunua mwenyewe. Alikichagua kwa makini kuliko kitu chochote alichowahi kununua tangu afike Doha.

Scovia ni mwanamke wa Busia, upande wa Kenya. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Lusail, na viza ni yake mwenyewe, hakuletwa na mume. Japheth aliendesha gari la kukodi la kubebea wageni wa uwanja wa ndege. Walipanga vyumba viwili na jiko dogo kwenye vila moja ya Muaither, ile aina ya nyumba iliyokatwakatwa na mbao mpaka jirani akikohoa unamwambia pole. Chumba kimoja chao, kingine cha Reuben. Binti yao Stacy walimwacha nyumbani kwa mama yake Japheth.

Mkiwaona barabarani mngewapenda. Japheth alikuwa mtu wa utani, shati limenyooka, marashi ya Kiarabu.

Lakini akifunga mlango…

Alianza kwa vyombo. Siku chakula kimechelewa, sufuria ukutani. Siku abiria amemlalamikia kwa bosi, sufuria ukutani. Zilikuwa zile za alumini nyembamba, za bei rahisi, na kila akirusha zilikunjika kama boksi la juisi. Kisha akawa anamrushia yeye. Moja ilimpasua juu ya jicho, akaenda kazini na plasta, akawaambia wenzake kabati lilimwangukia. Nyingine ilikuwa na uji wa moto. Ule mguu mpaka leo una kovu.

Reuben akawa anasikia yote kupitia ile mbao. Akawa anaongeza sauti ya televisheni.

Asubuhi Scovia anachukua nyundo, anaigongagonga sufuria irudie umbo. Mifuniko ilishaacha kukaa. Sufuria ya ugali ikawa na nundu chini, ikiwekwa jikoni inacheza kama kiti kibovu. Japheth akawa anamcheka kwamba hata vyombo hajui kutunza.

Basi siku moja akatoka kazini, akashukia kwenye duka la vyombo karibu na stendi. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Kipemba anaitwa Zuhura, mtaratibu, mwenye macho yanayokaa usoni kwako.

Scovia akamwambia anataka seti ya kila siku. Kitu cha kudumu.

Zuhura alimtembeza duka zima. Akamwonyesha zile za rangirangi zenye utando ndani, akamwambia hizi ni za kupendezesha, utando unabanduka ukipitisha mwiko wa chuma. Akamwonyesha za stili, akazigonga matako kwa kifundo cha kidole ili asikie: nyembamba inalia kama kengele, nene inajibu kwa sauti nzito, du. Akamfundisha kutazama mikono ya sufuria, kwamba ya skurubu italegea na ya ribiti, ile misumari iliyopondwa pande zote mbili, itakaa. Tena asibebe seti kubwa kwa tamaa. Sufuria tatu za stili zenye tako zito, na kikaango kimoja cha chuma cheusi, vitamtosha mpaka uzeeni.

Scovia akauliza ikianguka kutoka juu itakuwaje.

Zuhura akasema itachubuka tu.

"Na ikipigwa ukutani?"

Zuhura akairudisha sufuria rafuni polepole.

"Mwenzangu," akasema, "watu huniuliza kama wali utashika chini. Wewe waniuliza habari ya ukuta."

Scovia akacheka, akasema kuna watoto wakorofi nyumbani. Zuhura hakucheka. Alimfungia vyombo vizuri, kisha akamwomba simu yake, akaandika namba yake mwenyewe humo. Akamwambia nyumba yake iko Al Thumama, anaishi na dada yake, mlango wa kijani mkabala na duka la kinyozi. Aje saa yoyote.

Scovia alishukuru kwa adabu akaondoka. Njiani, jamani, alikuwa na furaha. Nawaambia ukweli, alifurahi kama mtu aliyepata suluhisho.

Ijumaa hiyo mchana, mtaa umetulia, wanaume wengi wako msikitini, Japheth akarudi. Alikuwa amegombana na bosi wake kuhusu gari kukwaruzwa. Scovia alikuwa amepika kuku na wali ndani ya zile sufuria mpya, zinang'aa juu ya jiko.

Japheth akazitazama. Akauliza nani kamruhusu. Scovia akaeleza kwamba zile za zamani zilikuwa zimeharibika, na hizi muuzaji amesema hazikunjiki.

Hapo ndipo alipokosea, kama kuna kosa.

"Hazikunjiki?"

Akaichukua sufuria ya wali na wali wake, akaibamiza ukutani. Vigae viwili vikapasuka vikaanguka. Sufuria ikadunda sakafuni, ikasimama wima, nzima kabisa.

Japheth aliitazama kwa muda. Akaiokota, akaipiga tena, na tena, ukingo wa kabati ukatoka. Sufuria haikubonyea hata kidogo. Jasho likaanza kumtoka. Mara zote chombo kilikuwa kinakunjika, naye anatulia. Safari hii kitu kilikuwa kinamkatalia mbele ya mke wake.

"Umeninunulia dharau," akasema, sauti ya chini kabisa. "Umeenda dukani ukasema mume wangu anavunja vyombo."

Akaitupa sufuria, akakishika kikaango.

Na hapo ndipo tulipoanzia.

Pigo la kwanza likavunja mkono. La pili lilikuwa la kichwa, Scovia akajipinda, likamchana sikio na kumshukia begani. Akaanguka. Damu ikaingia jichoni. Alikiona kikaango kikipanda mara ya tatu, akajua kwamba safari hii hatapona kwenda kuwadanganya wenzake kazini.

Ndipo Reuben alipojitupa.

Alimrukia kaka yake mgongoni, wakaenda chini wote wawili, juu ya vigae na wali. Japheth akampiga kiwiko mdomoni, meno yakakata mdomo. Reuben akamng'ata mkono mpaka kikaango kikaachiliwa. Walibiringika, wakagonga jiko, wakagonga mtungi wa gesi. Mpira ukachomoka nusu.

Ssssss…

Harufu ikajaa jikoni, na jicho la pili la jiko bado linawaka chini ya kuku.

Wale wawili hawakusikia. Kila mmoja alikuwa kwenye koo la mwenzake. Scovia akajikokota kwa mkono mmoja, ule uliovunjika unaburuzika kama wa mtu mwingine. Akaifikia valvu ya mtungi, akaikaza kwa nguvu zote. Kisha akanyoosha mkono juu, akauzima ule moto.

Jirani wa Kinepali alikuwa ameshaita polisi. Walipoingia walimkuta Reuben amemkalia kaka yake kifuani, analia kama mtoto, anarudia neno moja. Baba. Baba. Baba.

Hospitalini, kabla mkono haujafungwa plasta ngumu, alikuja afisa wa polisi kuuliza. Japheth alikuwa kwenye benchi la korido, anangoja kuhojiwa, na kwa kutumia midomo tu akamtamkia mkewe jina moja kupitia mlango ulio wazi.

Stacy.

Scovia alielewa. Mtoto yuko kwa mama yake Japheth. Akifungua mdomo, mtoto hatamwona tena.

Akamwambia afisa kwamba aliteleza jikoni.

Afisa akamtazama, akatazama sikio lililoshonwa. Akasema atarudi baadaye.

Akabaki amelala, akiangalia dari. Zile za alumini zingekunjika juu ya mkono wake, akawaza, na mkono ungepona. Dukani alikuwa amejifunza tako, mikono, ribiti, akauliza hadi habari ya ukuta. Alikuwa amejipanga kupigwa miaka na miaka, kwa vyombo imara. Kuhusu mtu anayevirusha hakuuliza chochote, kana kwamba huyo ni hali ya hewa.

Reuben akaingia, mdomo umevimba, simu mkononi. Akasema mama amepiga, ameshasikia, anataka kuongea naye.

Scovia alitamani kukataa. Alijua atakachoambiwa. Usimharibie mwanangu kazi. Ndoa ni hivyo. Hata sisi tulipitia. Akaweka simu kwenye sikio zima, akafumba macho.

Kuku walisikika wakilia kwa mbali, kule kijijini.

"Scovia, mwanangu," mama akasema. "Baba yao alinivunja mbavu Reuben akiwa mlangoni, anatazama. Nikaenda kwetu. Watu wakaja, wakakaa, wakaongea vizuri, nikarudi."

Scovia akaikandamiza simu sikioni.

"Japheth alijifunza hapo. Na mimi ndiye niliyerudi akaona inawezekana. Wewe usirudi. Stacy nimemlaza na mimi, na kesho nampeleka kwa mama yako kwa mikono yangu. Mwambie polisi alichofanya mwanangu."

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao, au ni mama mwenyewe aliyeshindwa kuendelea.

Reuben alikuwa ameegemea ukuta, ameinamisha kichwa. Scovia akamwambia amwite yule afisa. Reuben akaenda mbio.

Safari hii alieleza kila kitu, tangu plasta ya jicho mpaka kovu la uji. Reuben akatoa ushahidi dhidi ya kaka yake wa tumbo moja, akaweka sahihi. Japheth alihukumiwa, akatumikia kifungo, akarudishwa Kenya. Mama yake hakumpokea nyumbani, na kwenye hilo wanakijiji bado wanamsema.

Scovia alitoka hospitalini akaenda Al Thumama. Zuhura alifungua mlango wa kijani, akautazama mkono, akamwambia aingie, chai iko tayari. Hakumuuliza kitu mpaka Scovia mwenyewe alipoanza kuongea.

Sasa wewe unayesoma hapa, najua kwenye simu yako kuna binti, dada au rafiki anayekuambia kila mara kwamba kabati lilimwangukia. Siku akikupigia, usimuulize amemkosea nini mume wake. Wala usimwambie avumilie kwa sababu wewe ulivumilia.

Mwambie ulivyoumia. Mwambie yote, kama yule mama.

Halafu mwambie mlango wako uko wapi.