Printa Aliyoiapia Guleid

Siku ya mnada mjini Isiolo, duka la Guleid lilijaa watu hadi mlangoni. Deqa, mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, alijipenyeza na baibui lake jeusi hadi kaunta. Akauliza kama printa mpya iliyokuwa rafuni inaelewana na Linux, mfumo wa bure aliokuwa ameuweka kwenye kompyuta kumi na mbili kuukuu za chuo.

"Abaayo, dada yangu, hiyo inaelewana na kila kitu," Guleid akasema. Shati lake lilikuwa limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi. Hakuitazama printa, alimtazama Deqa.

Deqa akainunua. Jioni hiyo simu za Guleid zikaanza. Kufikia wiki ya tatu Guleid alikuwa akimwita macaanto, mtamu wangu, na Deqa akijidai hasikii ili arudie.

Alhamisi moja Deqa akaiwasha printa kwa mara ya kwanza, mbele ya mkuu wa chuo, Bwana Muiruri. Ikanguruma, ikatema karatasi nyeupe kumi. Kampuni iliyoitengeneza haikuwa imetoa draiva, ile programu ya kuiunganisha na Linux, wala haikutaka mtu mwingine aiandike. Muiruri akacheka hadi tumbo likatikisika. Vya bure ni vya bure, akasema. Jumatatu mfumo huo ufutwe, warudie ile nakala ya wizi ya mfumo wa kulipia waliyoizoea.

Deqa akampigia Guleid.

"Balbu ya shilingi mia unaichomeka mteja aone ikiwaka. Printa ukaniapia kwa mdomo mtupu. Wewe ni mfanyabiashara au kasuku?"

Guleid akampigia wakala wa kampuni, Nairobi. Wakala akamjibu kwamba hawana muda na watu wa vitu vya bure, akakata. Kwa mara ya kwanza Guleid akaionja dharau iliyokuja na bidhaa alizokuwa akiziuza.

Jumamosi akafika chuoni na printa kuukuu ya dukani kwake begani, shati limejaa vumbi. Hii ilielewana na Linux, ikachapa papo hapo, herufi nyeusi tii. Muiruri asingepata cha kucheka.

Deqa hakutabasamu. "Mbona ulinidanganya?"

"Niliogopa ukikosa printa hutarudi dukani."

"Kwa hiyo ulinipata kwa uongo."

"Ndiyo."

Deqa akamtazama kutoka utosini hadi viatuni. Akamwambia kwamba baba yake, mfugaji wa Garbatulla, humuuliza kila mposaji anajua nini kuhusu ngamia.

"Wewe utamjibu nini?"

Guleid, mtoto wa dukani, akakuna kichwa. "Sijui lolote. Hata kumkama naogopa."

Deqa akatoa simu, akamtumia namba ya baba yake.