Ripoti Zilizolowa

Ripoti ambayo mkutubi Okinyi alikuwa amemwambia haipo ilikuwa juu ya meza yake, na ilikuwa imelowa.

Zeituni aliigusa kwa ncha ya kidole. Jalada la kijani, herufi za taipureta: uchunguzi wa mahudhurio ya wanafunzi katika shule za tambarare ya Kano, nje ya Kisumu, baada ya mafuriko. Ilikuwa saa saba na dakika chache mchana. Wanafunzi walikuwa wametoka kwenda kula, na ghorofa ya kwanza ya maktaba ya chuo ilikuwa kimya, feni moja tu ikizunguka darini. Alikuwa ameenda chooni, akarudi, basi. Akafikiri, kumbe huyu Okinyi ni mtu mzuri. Akapangusa maji kwa leso, akaanza kusoma.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Kisumu, mzaliwa wa Kaloleni, aliyepewa likizo ya mwaka mmoja amalize shahada yake ya uzamili ya elimu. Alikuwa anatafiti kwa nini watoto wengi wa Kano hawarudi shule maji yanapokauka. Miezi minne ilikuwa imepita na hakuwa na hata sura moja. Mama yake, ambaye pia alikuwa mwalimu, alikuwa amefariki mwezi wa tatu, na kila Zeituni alipofungua kitabu machozi yalimjaa, maandishi yakapotea.

Siku hiyo alisoma hadi saa kumi bila kulia. Aliliona hilo, akashukuru.

Alipopita kaunta, Okinyi aliiona ripoti mkononi mwake. Okinyi ndiye aliyekuwa mkutubi wa sehemu ya elimu, mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja.

"Mwalimu, hii umetoa wapi?"

"Si wewe ndiye umeniwekea mezani?"

"Mimi? Mimi sijapanda huko juu tangu asubuhi." Akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Hii ilikuwa kwa stoo ya chini. Ile stoo iliingia maji wakati ziwa lilifurika. Vitabu vilioza. Hii niliitoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikaichoma pamoja na zingine."

"Basi zilikuwa mbili."

"Ilikuwa moja tu." Akanyoosha mkono. "Wacha nibaki nayo. Tafadhali, Mwalimu. Usiisome hii kitu."

"Bwana Okinyi, nimebakisha miezi minane."

Akaitia kwenye mfuko, akaenda nayo nyumbani.

Wiki hiyo zilikuja nyingine tatu. Zilikuja saa ileile ya chakula, watu wakiwa wametoka. Kwanza ilisikika troli ya vitabu ikisukumwa kati ya rafu, gurudumu moja likilia kwi, kwi, kwi, halafu ikafika harufu ya gugumaji lililooza ufuoni, na Zeituni alipogeuka alikuta kitu juu ya meza. Rejista za shule zilizofungwa zamani. Barua za walimu wakuu kwa ofisi ya elimu. Mahojiano na wazazi, yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ambayo hayakutajwa popote katika katalogi. Yote yalikuwa na unyevu, na kila moja ilikuwa ndiyo aliyoihitaji.

Alijua kwamba troli ya ghorofa ile ilikuwa imevunjika tangu mwaka jana. Alijua na hakuuliza. Siku ya sita alijikuta akisema kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi, "Sasa nahitaji hesabu ya wasichana, darasa la saba na la nane," na kabla hajamaliza kuandika mstari, gurudumu likalia.

Kazi ilienda mbio. Sura ya kwanza, sura ya pili. Msimamizi wake alimpigia simu kumpongeza.

Nyumbani, Farouk mumewe alimletea samaki wa ngege aliyekaangwa na kupikwa kwa nyanya, chakula alichokipenda kuliko vyote. Akala. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa.

"Hujaongeza chumvi?" aliuliza.

"Imekolea, Mama Khadijah. Onja tena."

Akaonja tena. Akasema sawa, akarudi kwenye karatasi zake. Ndugu walipokusanyika kumsomea mama yake dua, alikaa katikati ya shangazi zake waliokuwa wakilia, akiwatazama midomo. Alijaribu kuukumbuka uso wa mama, akaukumbuka vizuri kabisa, kila mkunjo. Haukumfanya chochote. Alifikiri huku ndiko kupoa, kwamba watu huita hivi kupoa.

Halafu siku moja ya Jumapili asubuhi Khadijah, binti yao wa miaka sita, alivuta sufuria ya uji kutoka kwenye jiko la gesi.

Zeituni alikuwa amekaa mita mbili kutoka pale, rejista imefunguliwa mapajani. Aliona mkono mdogo ukishika ukingo wa sufuria. Aliona uji ukimwagika juu ya mkono ule, mweupe, ukitoa mvuke, na mdomo wa mtoto ukifunguka. Alisikia kelele. Akaweka kidole kwenye mstari aliokuwa akisoma ili asipotee.

Farouk aliingia mbio kutoka uani. Alimbeba mtoto, akautia mkono wake chini ya mfereji.

"Zeituni! Mtoto ameungua! Huoni?"

"Nimeona," akasema.

Farouk alimtazama. Mtoto pia alimtazama, akaacha kulia ghafla, akajificha shingoni mwa baba yake.

Waliporudi kutoka hospitali Farouk hakugomba. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Mke wangu, niambie. Ni nini?"

"Sijui," alisema Zeituni. "Najua nilipaswa kuamka. Nilijua hata wakati ule. Lakini hakuna kitu kilichoniamsha."

Akamsimulia habari za troli na ripoti zilizolowa. Kesho yake Farouk alienda naye maktaba. Okinyi aliwasikiliza, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Ningesema mapema," alisema. "Niliogopa mtasema mzee amechanganyikiwa. Kuna mwingine alianza hivi. Daktari Obiero. Twendeni mkamwone."

Absalom Obiero alikuwa mhadhiri wa elimu. Nyumba yake ilikuwa Ahero, nyuma ya mashamba ya mpunga. Walimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, kola imepigwa pasi vizuri, amenyolewa ndevu, macho yakitazama mpunga. Mkewe aliwakaribisha kwa mnong'ono, kana kwamba ndani kuna mgonjwa amelala.

"Alimaliza kitabu chake kwa miezi saba," alisema. "Watu wa chuo walikuja hapa, tukachinja mbuzi. Mwaka uliofuata kijana wetu Mathews alikufa maji. Siku ya mazishi, jeneza liko hapo, mzee akaniuliza chakula kitaletwa saa ngapi." Akakunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Si mtu mbaya. Alikuwa anampenda Mathews sana."

Obiero aligeuza kichwa. Alinusa, mara mbili, akimwelekea Zeituni.

"Bado anazileta zikiwa zimelowa?"

"Ndiyo," alisema Zeituni.

"Wewe alikuondolea nini kwanza?"

Akafikiri. "Mama yangu. Nilikuwa nalia, sikuweza kusoma."

"Ndivyo anavyofanya. Hana ubaya. Ukimwomba, anakuletea, halafu anakuondolea chenye kinakuzuia kusoma." Alisema haya kama mtu anayesoma ratiba. "Huzuni inakuzuia. Njaa inakuzuia. Mwishowe mtoto. Mtoto anakuzuia sana." Akarudisha macho kwenye mpunga.

Nyasaye, alisema Okinyi njiani, akimwita Mungu kwa Kijaluo, Nyasaye.

Farouk alimtafuta Maalim Abdulrahman, mzee wa Kaloleni aliyewahi kuwasomea watu waliosumbuliwa na majini. Maalim aliuliza maswali machache. Alizishika ripoti, akanusa, akazirudisha kwenye mfuko.

"Huyu kazi yake ni kusaidia, na hapo ndipo penye taabu," alisema. "Jini wa kutisha, mtu humkimbia. Huyu unamtuma mwenyewe. Itabidi tumfuate palepale, saa yake ileile, na umrudishie vitu vyake vyote. Na atakuletea kimoja zaidi, binti yangu. Kikubwa kuliko hivi vyote. Usikipokee. Mwambie hutafuti kitu."

"Nikikipokea?"

"Utakuwa na shahada nzuri sana," alisema Maalim.

Jumamosi, saa saba kasoro, Okinyi alifunga ngazi kwa kamba na kutundika kibao kwamba usafi unaendelea. Zeituni alikaa kwenye meza yake, ripoti zote zimepangwa mbele yake. Farouk alisimama ukutani. Maalim alikaa sakafuni juu ya msala, akaanza kisomo kwa sauti ya chini.

Feni ilisimama, ingawa taa zilibaki zikiwaka, na kutoka mwisho wa rafu za elimu, kule ambako vitabu vya ualimu vinakutana na ukuta, gurudumu likaanza kulia, kwi, kwi, polepole kuliko siku zote, na harufu ya gugumaji ikatangulia, nzito, hata Okinyi akaziba pua na Farouk akaanza kukohoa, na maji membamba yakatambaa chini ya rafu yakafika kwenye miguu ya meza, na vitabu vikaanza kusogea kimoja kimoja vikiachana, kana kwamba mtu upande wa pili anapitisha mkono anatafuta namba, mpaka ikatokea nafasi, na ndani ya nafasi ile vikatokea vidole vyeupe vilivyonyauka kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, kikafuata kiganja, ukafuata mkono, ukaendelea kutoka, na kutoka, bila kiwiko, hatua nne nzima kutoka rafuni hadi mezani, ukaweka kitu taratibu mbele yake na kukinyoosha kisikae upande.

Kilikuwa daftari la mazoezi la bluu. Juu yake kulikuwa na jina la mama yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na chini ya jina: Awasi, mwaka niliofundisha kwenye maji. Mama yake alikuwa amefundisha Awasi, huko Kano, wakati Zeituni angali mchanga. Hakuwahi kusema kwamba aliandika.

"Lisome," ilisema sauti, kavu, kama kurasa nyingi zikipekuliwa pamoja. "Kurasa zote themanini. Anakutaja."

Kisomo cha Maalim kilipanda. Farouk alijikaza asimkimbilie mkewe.

Zeituni alilitazama daftari. Alijua ni kitu gani. Alijua kwamba miezi michache nyuma angelibusu, angelala nalo. Alisubiri moyo wake uende kule. Haukwenda. Lilikuwa daftari, lilikuwa limelowa, na mama yake alikuwa mtu fulani aliyekufa mwezi wa tatu.

"Sitafuti kitu," alisema.

Mkono haukuondoka. Vidole viligonga daftari, kidogo, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto mstari.

"Anakutaja," sauti ilirudia.

"Nimesikia. Sitafuti kitu. Chukua vyako."

Vidole vikaacha kugonga. Lile lililokuwa nyuma ya rafu lilikuwa limezoea watu wenye kiu. Huyu lilikuwa limeshamnywa mpaka chini, na sasa halikuwa na pa kumshikia. Mkono ukakusanya rejista, barua na mahojiano, ukalichukua daftari mwisho, ukarudi ulikotoka. Halafu maji yakabubujika kutoka kila rafu, machafu, ya rangi ya chai, troli ambayo hakuna aliyeiona ikaanguka kwa kishindo, na feni ikaanza kuzunguka.

Ndipo Zeituni alipopiga kelele. Aliruka juu ya meza, akaangukia magoti kwenye maji, akawa anaingiza mikono kati ya vitabu mpaka begani, akivitupa sakafuni, akiita, "Mama! Lirudishe! Mama yangu!" Farouk alimshika kiunoni. Alimpiga Farouk usoni. Alilia mpaka akatapika, na mumewe akalia pamoja naye kwa furaha, kwa sababu hakuwa amemsikia mke wake kwa muda mrefu.

Maalim alikunja msala uliolowa. "Alichokuwa amekishika amekiachia," alimwambia Farouk pembeni. "Alichokwisha kula, mimi sijui."

Vitu vilirudi kimoja kimoja. Ladha ya samaki ilirudi Jumanne. Hasira ilirudi, aligombana na jirani juu ya kamba ya nguo, akafurahi. Woga ulirudi pia, na hakuweza tena kupita jengo la maktaba bila kuvuka upande wa pili wa barabara. Aliomba mwaka mmoja zaidi, akachoma sura zote alizoandika, akaanza upya kwa kwenda mwenyewe shule za Kano, na viatu vya mpira, akiwauliza wazazi mmoja mmoja.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na sherehe ya kufunga shule ya akina Khadijah. Wazazi walikaa chini ya hema. Khadijah aliitwa mbele, wa kwanza katika kusoma, akapewa vitabu vitatu vilivyofungwa kwa utepe. Farouk alisimama, akapiga mluzi. Zeituni alisubiri moyo wake uende kwa mtoto. Haukwenda. Alimtazama mwanamke aliyekaa upande wake wa kulia. Mwanamke yule alipopiga makofi, naye akapiga. Alipoacha, akaacha. Alipoinama na kufungua mikono kumpokea mtoto wake aliyekuja mbio, Zeituni naye aliinama, akafungua mikono, kwa upana uleule.

Khadijah alisimama hatua moja kabla ya kumfikia. Akamtazama mama yake, halafu yule mwanamke, halafu mama yake tena.

"Njoo," alisema Zeituni, na akatabasamu, akiwa ameangalia kwanza mwenzake anatabasamu vipi.

Mtoto akaja.