Msumeno Usiotaka Mvutaji

Kwa miaka saba, Donatus na shemeji yake Ignas walipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine shimoni. Huyu alivuta, na yule akavuta. Mwaka huu Donatus alipata msumeno wa mashine wenye meza, unaozungushwa na injini. Majirani zake pale Kharumwa walikuja kuutazama, naye akavimba kichwa kidogo.

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa zahanati mpya. Mbao za mninga zilikuwa tano tu, na zahanati ingefunguliwa Jumamosi.

"Mimi nasukuma, wewe vuta," Donatus alimwambia Ignas. Mazoea yana taabu.

Ignas akavuta. Ubao ukaenda upande, ukabana msumeno, ukarushwa nyuma. Ulipita karibu na tumbo la Donatus, ukatoboa ukuta wa udongo. Donatus alizima injini. Aliogopa kweli kweli.

Mkewe, Generosa, alitoka jikoni mbio.

"Baba Klara, huo ndio ufundi?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kumwita jirani yao Sabiti, fundi wa karakana ya mgodini, aliyekuwa likizo.

"Shikamoo, mzee," alisema Donatus. "Ubao mmoja umeharibika. Zimebaki nne, na mlango unazihitaji zote."

"Marahaba. Afadhali ubao kuliko tumbo. Mashine hii haitaki mvutaji. Ignas, wewe pokea tu ubao ukishapita meno."

Kisha Sabiti aliishika reli ya pembeni inayoongoza ubao.

"Hii umeipima?"

"Nimepima mbele."

"Ndiyo maana ubao unatoka mpana huku, mwembamba kule. Injini ikiwa imezimwa, pima nafasi kati ya reli na msumeno, mbele na nyuma. Vipimo vilingane. Shusha msumeno, meno yachungulie kidogo tu juu ya ubao. Egemeza ubao kwenye reli mpaka mwisho. Usisimame kwenye mstari wa msumeno, simama kando. Ukikaribia meno, sukuma kwa kijiti."

"Kijiti? Mimi fundi mzima?"

"Kijiti kikikatwa, utachonga kingine. Kidole utakichonga wapi?"

Generosa alicheka mpaka akaketi. Donatus alichonga kijiti.

Alipasua mbao nne polepole. Zote zilitoka sawa.

Jumamosi, nesi Zipora alipitisha kidole kwenye maungio ya mlango. Hakukuta mwanya.

"Wenzako wenye mashine huniletea vidole nivifunge," alisema. "Wewe umeniletea mlango."