Uzi Uliodanganya Rula

Kila kipindi cha hesabu kilipoanza, Sifuri alijikunyata kwenye dawati lake. Jina hilo alibandikwa na wenzake siku alipoambulia patupu kwenye jaribio, nalo likamganda. Lakini asubuhi hiyo mwalimu aliingia na kapu la mifuniko ya sufuria, wala chaki hakuigusa.

"Leo mikono ndiyo itakayofanya hesabu," alisema. "Zungusheni uzi kwenye ukingo wa mfuniko, mpate mzingo. Kisha pimeni kipenyo, ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Gawanyeni mzingo kwa kipenyo, mniambie mmepata nini."

Sifuri na mwenzake wa dawati, Cheko, walipewa uzi wa kufumia sweta. Kipenyo, sentimita ishirini. Mzingo, hamsini na nne. Wakagawanya: mbili nukta saba. Huku nyuma makundi mengine yalikuwa yakipiga kelele, "Tatu na kidogo!"

"Tuandike tatu nukta moja, yaishe," Cheko alinong'ona. "Nani atajua?"

"Sisi tutajua."

"Watatucheka, wewe!"

"Wacheke. Shika huku tupime upya."

Wakapima, yakawa yale yale. Jasho lilimtoka Sifuri, lakini hakukubali. Safari ya tatu aliukazia macho uzi wenyewe. Cheko alipouachia, ulinywea.

"Umeona? Tukiuvuta unarefuka, tukiulaza kwenye rula unarudi!"

Hapo hapo Sifuri akachomoa kamba ya kiatu chake, akaizungusha. Sitini na tatu! Wakalikata jibu la kwanza, wakagawanya tena: tatu nukta moja tano.

"Mbona jibu la kwanza mmelikata?" aliuliza mwalimu, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao.

Sifuri akaeleza kisa cha uzi. Cheko akajikuna kichwa. "Mimi nilitaka tunakili, Mwalimu. Yeye ndiye aliyekataa."

Mwalimu akaligeukia darasa. "Nani mwingine alipewa uzi wa sweta?"

Mikono ikainuka taratibu kutoka makundi mawili yaliyopiga kelele kuliko yote.

"Kumbe!" mwalimu alisema. "Nyinyi mna jibu, lakini hamjui limetoka wapi. Hawa wawili walikosea, wakasema ukweli, wakahangaika mpaka wakajua kwa nini. Huko ndiko kujifunza. Kipimo kikikataa, msikifunike kwa uongo, tafuteni sababu. Haya, fungueni kamba za viatu, tuanze upya."