Kompyuta za Wageni

Cherehani ya Mama ilikaa barazani, mahali penye mwanga. Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Tangu asubuhi mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, na vipande vya kitambaa cha buluu vilitapakaa chini. Bibi alikaa karibu naye kwenye kigoda, akishona vifungo. Macho ya Bibi yalikuwa bado mazuri, ila kutunga uzi kwenye sindano alimwachia mjukuu wake.

Mjukuu huyo walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akioga. Baba yake alisema hata usingizini alikuwa akijibu maswali.

Familia hii ilikuwa ngeni hapo. Baba alikuwa muuguzi, na mwanzo wa muhula huu alihamishwa kutoka wilaya ya jirani, walikokuwa wakiishi karibu na Shangazi, akaletwa kituo cha afya cha wilaya hii. Wakahama wote, pamoja na cherehani na kuku wawili ndani ya kapu. Nyumba ilikuwa nzuri. Bomba la maji lilikuwa karibu. Majirani walikuwa watu wa watu. Aliyekuwa na shida ni Chiriku peke yake.

Siku moja alirudi kutoka shule, akatua mkoba wake, akakaa kimya.

"Za shule, mke mwenza?" Bibi alimtania.

"Nzuri."

"Nzuri tu? Ulimi umeusahau darasani?"

"Leo tulikuwa na somo la kompyuta, Bibi."

"Si ndilo somo lako hilo?"

"Tumebonyeza boksi."

Mama akasimamisha cherehani. "Mmebonyeza nini?"

Chiriku akatoa kwenye mkoba kipande cha boksi. Kilikuwa kimechorwa vijumba vidogo vidogo, na ndani ya kila kijumba herufi moja. "Hii ndiyo kibodi yetu. Mwalimu akisema tuandike majina, tunabonyeza hapa. Halafu anauliza, 'Mmeona?' Sisi tunajibu, 'Tumeonaaa!'"

Bibi akaanza kucheka. Alipouona uso wa mtoto, akakimeza kicheko chake.

"Kule kwa Shangazi nilikuwa naandika hadithi nzima," Chiriku alisema. "Hapa vidole vyangu vinasahau, Bibi. Kila siku vinasahau kidogo."

Jioni Baba alirudi kutoka kazini. Alisikiliza habari ya boksi akiwa bado amesimama mlangoni na viatu mkononi. Hakupandisha sauti.

"Basi," alisema. "Nitampigia dada simu aje amchukue. Atasomea huko huko kwenye shule yake ya zamani, na likizo atakuja kwetu."

Kule kwa Shangazi ni safari ya basi ya nusu siku. Mama aliinama akaokota nyuzi ambazo hazikuwa na haja ya kuokotwa. Bibi hakula vizuri usiku ule. Chiriku alilala chumba kimoja naye tangu alipoachishwa ziwa. Bibi alitaka mtoto asome, na alitaka mtoto abaki. Hakuona jinsi ya kupata yote mawili.

Shangazi alifika mwisho wa wiki na begi kubwa tupu. Alikuwa binti wa Bibi na dada mkubwa wa Baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nyumbani kwake alikuwa na watoto wanne, wote wa kiume.

"Wifi, umekonda!" alimwambia Mama.

"Nimekonda wapi? Wewe ndiye umenenepa, ukiniona unadhani nimekonda."

Wakakumbatiana wakicheka.

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Baba alikuwa zamu, kwa hiyo Mama na Bibi walikwenda, na Shangazi akafuatana nao ili amwombee Chiriku uhamisho. Walifika mapema. Wakawa wanatembea kando ya madarasa, Chiriku akiwaongoza. Kwenye chumba cha mwisho Shangazi akachungulia dirishani.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Juu ya meza vilipangwa vitu kumi, kila kimoja kimefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua.

"Wifi," Shangazi aliita, "maua haya nayajua."

"Mkono wangu huo," Mama alisema kwa fahari. "Mwalimu mkuu aliniomba vya kufunikia kompyuta. Amesema nimekipa chumba hadhi."

"Kompyuta?" Bibi alishtuka. "Kumbe zipo?"

"Zipo, Bibi," Chiriku alijibu. "Ni za wageni. Wenzangu wamesema hufunguliwa siku ya sherehe. Mgeni rasmi anabonyeza moja, watu wanapiga makofi, zinafungwa."

Mama akashika kiuno. "Mimi nilidhani wanazitumia wa madarasa ya juu!"

Shangazi alicheka mpaka akashikilia nondo za dirisha. "Wifi yangu! Umezipamba kama maharusi, na hakuna anayezioa!"

Mkutano ulifanyika darasani. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mtu mrefu waliyemwita Maspika, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukodisha vipaza sauti na maturubai.

"Ndugu wazazi," Maspika alianza, "mwaka unaisha na sherehe yetu imekaribia. Kama kawaida tunachangia turubai kubwa, vipaza sauti vinne, chakula cha meza kuu, na keki ya ghorofa tatu. Kuna mwenye swali?"

Shangazi akamgusa Bibi kiwiko. "Mama, uliza."

"Niulize mimi? Mimi niliishia shule ya msingi."

"Wewe ni mlezi. Mzazi au mlezi yeyote ana haki ya kuuliza. Mimi ndiye mgeni hapa."

Bibi akasimama, mkono mmoja kwenye dawati. "Mimi nina swali la kizee," alisema. "Mjukuu wangu anabonyeza boksi. Kompyuta kumi zimelala chini ya maua. Ni kwa nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine wakaanza kuguna: "Hata mimi nimejiuliza." "Wangu naye ana boksi!"

Mwalimu mkuu akainuka. Alikuwa mtu mpole, na ufunguo wa chumba kile aliuvaa shingoni kwa kamba. "Bibi, wilaya ilituletea kompyuta hizi miaka mitatu iliyopita. Nazitunza kama mboni ya jicho langu. Watoto wakiziharibu, nitapata wapi nyingine? Wilaya yetu haina fedha. Wenzetu wa jirani wana viwanda."

Shangazi akanyoosha mkono, akaruhusiwa kusema.

"Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule huko kwa hao wenye viwanda," alisema. "Mwalimu amesema kweli. Lakini nipeni nafasi nieleze. Shule yetu hupata fedha kutoka mifuko mitatu, nanyi vivyo hivyo. Mfuko wa kwanza ni wa serikali kuu. Huo unatazama idadi ya wanafunzi. Mtoto wa kwetu na mtoto wa kwenu, sawasawa."

"Na wa pili?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Wa pili ni wa halmashauri ya wilaya. Unatokana na ushuru wa masoko na biashara. Hapo ndipo tunapotofautiana. Sisi tuna kiwanda cha sabuni, nyinyi mna mnada wa mbuzi. Sitawadanganya. Chumba chetu cha kompyuta kina vigae na feni. Hapa hamtaona feni mwaka huu, labda na ujao."

"Basi si ndiyo nilivyosema!" Maspika alidakia.

"Subiri, kaka yangu. Mfuko wa tatu ni huu mnaouchanga leo. Huu ni wenu. Mkikubaliana unanunua tofali, unanunua tofali. Hakuna ofisa wa wilaya aliyewaamuru mle keki."

Darasa zima likacheka. Hata mwalimu mkuu alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeushika ufunguo.

"Na zikiharibika?" aliuliza.

"Zitaharibika, Mwalimu. Kwetu mwaka wa kwanza watoto waliharibu mbili. Tukamwita fundi wa kompyuta wa wilaya, akazitengeneza. Nanyi pia mnaye. Mshahara wake unalipwa, aje asije. Mmemwita lini?"

"Sijawahi. Nimwitie nini, na zote ni nzima?"

"Umejuaje kuwa ni nzima? Mashine iliyolala miaka mitatu ni kama mtu ambaye hajapimwa. Hebu tukaziwashe."

Wakatoka wote, wakafuatana na mwalimu mkuu. Alifungua mlango na kukunja vitambaa kimoja kimoja. Akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza nyingine. Kimya.

"Umeme uliisha baada ya sherehe iliyopita," alisema polepole. "Hatukununua mwingine."

Sasa hakuna aliyecheka. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyesema kwanza: "Mimi naona mchango wa mwaka huu uwe umeme. Na mlango wa chuma, wezi wasituonee."

"Na turubai?" Maspika aliuliza. "Sherehe bila turubai ni sherehe hiyo?"

"Kwetu tunayo sherehe kubwa tu," Shangazi alimjibu. "Kila mzazi anakuja na kiti chake na chakula chake. Hakuna meza kuu. Mzazi anakaa, mtoto anasimama, mtoto anamfundisha mzazi alichojifunza. Mwaka jana mume wangu alifundishwa kugawanya. Alitoka jasho!"

"Na vipaza sauti vyangu je?"

"Kimoja tu, cha wimbo!" sauti ikatoka nyuma.

Maspika akajikuna kichwa. "Hicho kimoja nitakileta bure. Lakini msinizoee."

Wakakubaliana kwa kunyoosha mikono. Mchango ukawa wa umeme, mlango wa chuma na vipuri.

Njiani kurudi nyumbani, Bibi alimshika binti yake mkono. "Ulikuja kumchukua mtoto, mwanangu. Umewaonyesha jinsi ya kubaki naye."

"Najua, Mama. Namtaka kweli. Nyumba yangu imejaa midume na soksi zao." Shangazi akahema. "Lakini nikimchukua mmoja, hao wengine wenye maboksi atawachukua nani?"

Baba alisikia yote akiwa anakunywa chai. Hakuwa mtu wa kushawishika haraka. "Haya," alisema. "Nampa nafasi mpaka siku ya sherehe. Nikiona bado ni boksi, anaondoka."

"Nitakuja siku hiyo na begi langu," Shangazi akasema, na akaondoka peke yake.

Fundi wa wilaya alipoitwa, alikuja wiki ile ile. Alikuwa binti mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Umeme ulikuwa umeshanunuliwa, na kompyuta saba ziliwaka palepale. Mbili alizifungua, akatoa vumbi kwa brashi, akabadilisha vipuri, zikaamka. Moja ilikuwa imekufa kabisa. "Hii msiitupe," alisema. "Ifungueni, watoto waone tumbo lake." Alimweleza Mama pia: "Vitambaa ni vizuri kwa vumbi wakati wa kufunga. Ila kompyuta ikiwaka hutoa joto. Usiifunike, itapata homa."

Mwalimu wa kompyuta kutoka shule ya Shangazi alikuja akakaa siku chache na walimu wa hapa. Wakaweka utaratibu mlangoni: nawa mikono kwanza, watoto wawili mashine moja, usile wala usinywe ndani. Mwalimu mkuu aliutoa ufunguo shingoni, akautundika ofisini ambapo kila mwalimu aliweza kuuchukua. Siku za kwanza alipita dirishani mara kwa mara kama mtu aliyeacha mtoto mchanga. Kibodi moja iliharibika herufi. Akamwita fundi, ikatengenezwa, naye akaanza kulala usingizi.

Siku ya sherehe wazazi walikuja na viti vichwani na mabakuli mikononi. Kipaza sauti kimoja kilitosha wimbo. Halafu watu wakapanga foleni kwenye chumba cha mwisho.

Shangazi alishuka kwenye basi na begi lake, akaja moja kwa moja shuleni. Baba alitoka kazini na gwanda lake jeupe, akamkuta getini.

"Haya, dada," Baba alisema. "Tukamsikie mwenyewe."

Walimwona Chiriku kupitia mlangoni. Alikuwa amesimama nyuma ya Maspika, ambaye jasho lilimtoka akitafuta herufi moja kwa kidole kimoja.

"Iko kushoto kwako, Baba Mwenyekiti. Kushoto. Huo ni mkono wa kulia. Usiipige, iguse tu, haijakukosea. Umeona? Jina lako hilo! Sasa acha nafasi. Siyo nafasi ya gari, kidogo tu!"

Maspika aliliangalia jina lake kwenye skrini. "Andika na la mama watoto wangu," aliomba.

Shangazi aliinua begi ili lionekane. "Chiriku! Nimekuja. Tunaondoka au hatuondoki?"

Chiriku aligeuka kidogo tu. "Shikamoo, Shangazi. Panga foleni tafadhali, wenzako wamewahi."

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi alimtazama Baba. Baba alitazama dari, lakini midomo ilikuwa ikimcheza. Akalipokea lile begi tupu, akalikunja, akalitia kwapani.

Shangazi akaenda kunawa. Kisha akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya Bibi, ambaye alikuwa ameshanawa mikono kitambo, na alikuwa ameiinua juu ili isiguse kitu.