Nani Alipiga Picha ya Kava?

"Nani kakupiga picha hii?"

Mke wangu hakuinua kichwa. Alikuwa anapiga pasi gauni la uzinduzi wa albamu yake ya muziki.

"Mpiga picha."

"Mpiga picha ni mimi. Studio yangu, taa zangu, na wiki nzima nimekupiga mpaka mgongo ukauma. Msanifu wa kava kazikataa picha zote, eti umekaa kama unasubiri daktari. Halafu kimyakimya unampelekea hii, anaipenda. Sasa nauliza kama mume."

"Kwani ina kosa gani?"

Kosa lake ni kwamba haikuwa na kosa. Kwenye kava la majaribio nililotumiwa alikuwa anacheka, ngozi imetakata, nikajua huyo aliyepiga kaisafisha kwa kompyuta. Macho yalimkazia aliyeshika kamera. Kazi hii naijua. Mwanamke hamtazami hivyo mtu anayemlipa.

"Aliyepiga hii anakupenda," nikasema. "Na wewe unajua."

Akazima pasi. "Ndiyo. Najua."

"Ni yule mpiga gitaa?"

"Yule? Miguu inanuka, baba watoto. Hata kwenye gari namkalisha dirishani."

"Usinichekeshe. Kava hilo likitoka, na mimi natoka humu ndani."

"Uende wapi, wewe ambaye soksi zako huzioni mpaka uniite?"

Sikucheka. Nilishusha begi kutoka juu ya kabati. Ujumbe wa msanifu ukaingia:

"Kaka, picha ya shemeji ni ndogo mno, nikiichapa itakuwa ukungu mtupu. Naomba faili halisi kwa aliyepiga. Leo ndiyo mwisho."

Nikamsomea. "Haya, mpigie bwana wako alete."

"Liko kwenye diski ya zamani, droo yako ya chini. Mle kwenye picha za pasipoti."

Nilichomeka diski kwa hasira, nikatafuta. Msanifu alikuwa kaikata, kabakisha uso tu. Picha nzima ilionyesha stuli yangu ya kwanza, na pazia la bluu nililoliunguza kwa pasi. Nikakumbuka. Binti mmoja alikuja kupiga picha ya pasipoti, nikamwambia asicheke, akashindwa. Nikabonyeza hivyohivyo, kwa ajili yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka ya kunitafutia mabwana." Akakaa kitandani, kando ya begi. "Halafu nilitaka kuona kama utamtambua. Mimi sijamwona siku nyingi. Siku hizi kwenye kamera yako nasikia tu kidevu juu, bega chini, kama naingizwa sokoni."

Nilimwonea wivu yule kijana mwenye pazia bovu, na sikuwa na wa kugombana naye.

Nikatuma faili. Msanifu akajibu: "Sasa hii ndiyo picha. Aliyepiga niandike nani?"

Mke wangu akanipokonya simu, akaandika: "Mume wangu, kabla hajawa mume wangu."

Kisha akalisukuma begi kwa mguu.

"Rudisha hili juu. Ukimaliza, lete kamera. Na kidevu changu ukiache kilipo."