Mchoro Kwenye Kioo Chenye Mvuke

Lifti ya kituo cha treni cha Mount Dennis, huko ughaibuni, ilikuwa imeharibika, watu wamejazana, na Elinaza, koti jekundu, kanga ya mama yake shingoni, akashindwa kujizuia: "Hii nayo ni nini sasa!"

Fundi aliyepiga magoti mlangoni akainua uso. "Pole, dada. Na Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

Jamani, moyo ukamruka palepale.

Fundi huyo aliitwa Gelasius, na haikuchukua muda wakaanza kuitana mpenzi. Ila kila Gelasius alipokwenda kazini, Elinaza alipiga simu. Uko wapi? Umefika? Ndani ya shimo la lifti mtandao haushiki, na simu isipopokelewa, marehemu mumewe Rogers humtokea. Rogers alitoka asubuhi kununua maziwa, pande la barafu likamwangukia kutoka ghorofani. Sasa husimama jikoni, koti likichuruzika maji.

Siku moja Elinaza akampigia hata bosi wa Gelasius. Mafundi walimcheka Gelasius mpaka basi.

"Unadhani nina mwanamke mwingine?" alifoka kwenye simu. "Nimechoka kuchungwa!" Akakata, akanyamaza wiki nzima.

Jumapili Gelasius alikubali kuonana naye mgahawani, mtaa wa Parkdale. Elinaza akachora kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke: mstari wenye kilele chembamba katikati, mikia minene pande zote mbili.

"Huu ni mchoro wa jinsi mambo yanavyotokea. Kule kwenye bima ndiyo kazi yangu, kupima unene wa mikia hii. Tunaita kurtosisi. Ikiwa kubwa, siku nyingi zinafanana, zimebanana hapa katikati. Halafu linatokea jambo huku mbali, ambalo hukulitegemea kabisa. Wenzangu wanaona kilele, wanalala usingizi. Mimi naona mkia, maana Rogers alifia huko. Sikuchungi, Gela. Naogopa!"

Gelasius akaufuata mchoro kwa macho. "Na mkia wa upande huu?"

"Huo ni wa mema usiyoyategemea."

"Kama lifti kuharibika?"

Elinaza akacheka, machozi yakimtiririka.

"Basi usipige tena. Nitapiga mimi, kila nikitoka shimoni, mpaka tuzeeke. Unakubali?"

"We! Ndiyo unanichumbia hivyo?"

"Ndiyo hivyo. Pete inakuja."

"Nimekubali."

Kesho yake asubuhi Elinaza hakupiga. Alikaa jikoni, Rogers amesimama karibu na friji akichuruzika maji. Mara simu ikalia.

"Mchumba, nimetoka. Mzima kabisa."

Elinaza akashusha pumzi, akamgeukia Rogers.

"Unaweza kukaa," alimwambia. "Huyu amefika."